Kuku wa juu ya mti: namna ya kutengeneza modeli ya ugonjwa kwa hesabu za kitongojini

Msimu wa tafiti ukifika, meza yangu hapa Ng'ong'ona, Dodoma, haikauki wanafunzi. Nina kompyuta mbili, printa moja inayokwama vumbi likizidi, na kibao cha bati nilichokiandika kwa mkono wangu: UCHAMBUZI WA TAKWIMU. Mtu anaingia, anachomeka flashi, anasema, "Dada, naomba uniingizie kwenye programu nipate majibu." Mimi huichomoa ile flashi kwanza, namrudishia, halafu namuuliza: huyo mnyama wako, au mmea wako, au mgonjwa wako, anatokaje hali moja kwenda nyingine? Wengi hunyamaza. Wana safu arobaini za namba na hilo hawajawahi kujiuliza.

Siwacheki, maana nilianzia huko huko. Kabla ya kusomea takwimu nilichukua stashahada ya mifugo Mpwapwa, nikawa afisa mifugo wa kata kwa miaka sita wilayani Bahi. Karibu kila kitu ninachokijua kuhusu modeli, yaani picha ya kihesabu ya jinsi jambo linavyokwenda, nilifundishwa na kuku, na ugonjwa mmoja: mdondo, ambao wengine huuita kideri. Kwa hiyo nitakufundisha kwa mdondo. Ukishaushika, wewe mwenyewe utajua namna ya kuuhamishia kwenye kipindupindu, au viwavijeshi shambani.

Unahitaji karatasi, penseli, na programu yoyote ya majedwali. Excel inatosha. Kama huna leseni, LibreOffice ni ya bure.

Chora ndoo tatu

Usifungue kompyuta bado. Chora ndoo tatu kwenye karatasi. Ya kwanza ni ya kuku wazima wasio na kinga. Ya pili ni ya wagonjwa wanaoweza kuambukiza. Ya tatu ni ya waliotoka kwenye mchezo: waliokufa, waliopona wakabaki na kinga, na wale ambao mwenye nyumba aliwawahi kwa kisu. Kisha chora mishale miwili, mmoja kutoka ndoo ya kwanza kwenda ya pili, mwingine kutoka ya pili kwenda ya tatu.

Kazi yote iko kwenye ile mishale. Mshale wa kwanza unauliza: kwa siku moja, kuku wangapi wazima wanaugua? Jibu linategemea wazima wako wangapi, wagonjwa wako wangapi, na wanakutana mara ngapi. Wagonjwa wakiongezeka maradufu, maambukizi mapya nayo yanaongezeka maradufu, ilimradi wazima bado wapo wa kutosha. Mshale wa pili ni mwepesi zaidi: kama kuku mgonjwa hukaa siku 5 akiambukiza kabla ya kufa au kupona, basi kila siku moja ya tano ya wagonjwa wanatoka. Moja ya tano ni 0.2.

Umbo hili lina karibu miaka mia. Waskoti wawili, Kermack na McKendrick, waliliandika mwaka 1927. Kermack alikuwa kipofu. Macho yake yaliharibiwa na ajali ya maabara mwaka 1924, na hesabu zile alizifanya kichwani. Mtu akiniambia kwamba hesabu ni ngumu mno, humtajia Kermack. Na walipotaka kuona kama hesabu yao inafanana na mambo ya kweli, waliipima kwa vifo vya tauni katika mji wa Bombay, mwaka 1905 na 1906. Hawakuwa na idadi ya wagonjwa. Walikuwa na vifo tu. Shika hilo, tutalirudia.

Angalia pia ndoo hizi zinadai nini kimya kimya. Zinadai kwamba kuku yeyote anaweza kukutana na kuku mwingine yeyote. Kwenye kitongoji ambacho nyumba zimebanana na kuku wote wanachakura jalala moja, dai hilo linakaribia ukweli. Lakini kaya nyingi za Kigogo zimetawanyika, kati ya nyumba na nyumba kuna shamba zima la uwele. Hapo itabidi uchore ndoo tatu kwa kila kundi la nyumba, na mishale myembamba ya kuwaunganisha. Na kuna magonjwa ambayo ndoo hizi haziyafai kabisa. Homa ya Bonde la Ufa ilipoupiga mkoa wetu mwaka 2007, chanzo kilikuwa mvua kubwa na mbu ambao mayai yao hukaa kwenye udongo mkavu miaka, yakisubiri mbuga ijae maji. Anayetaka kuitengenezea modeli ile bila ndoo ya mbu na bila mvua anajisumbua.

Weka kwenye jedwali

Sasa fungua kompyuta. Safu A iwe ya siku, B wazima, C wagonjwa, D waliotoka. Pembeni, seli H1 andika 0.6, ambayo ni kasi ya kuambukiza. H2 andika 0.2, kasi ya kutoka. H3 andika 400, jumla ya kuku wa kitongoji. Nitakueleza 0.6 imetoka wapi, subiri kidogo.

Mstari wa 2 ndio siku ya 0: A2 ni 0, B2 ni 398, C2 ni 2, D2 ni 0. Yaani kuku wawili wameletwa kutoka mnadani wakiwa wagonjwa. Mstari wa 3, A3 ni 1, kisha:

B3: =B2-$H$1*B2*C2/$H$3

C3: =C2+$H$1*B2*C2/$H$3-$H$2*C2

D3: =D2+$H$2*C2

Alama za dola zinazuia seli za pembeni zisihame ukivuta fomula. Vuta chini hadi siku ya 60. Kabla ya kushangilia grafu, tengeneza safu E inayojumlisha B, C na D. Kila mstari lazima utoe 400. Ukitoa 399.2 au 412, kuna kuku umemwiba au umemzaa hewani, na mara nyingi utakuta mshale umetoa kwenye ndoo moja bila kuongeza kwenye nyingine. Nimeona ripoti iliyojalidiwa vizuri ambayo idadi ya watu wa wilaya ilikuwa inapungua kila siku bila mtu kufa.

Ukifanya sawasawa utaona hivi. Siku ya 4 kuna wagonjwa kama 8, na hakuna anayeshtuka kijijini. Siku ya 10 wako 47. Siku ya 17 wanafika 131, ndio kilele. Siku ya 30 wamebaki 23, na mwishowe kuku ambao hawakuguswa kabisa hawafiki 20 kati ya 400. Usiogope sehemu za kuku, 7.54 na kadhalika. Modeli hii inakupa wastani wa vijiji vingi vinavyofanana, na wastani hauna manyoya.

Tazama grafu ya siku kumi za mwanzo. Ndiyo sababu tulikuwa tunachelewa kila mwaka. Simu ilikuwa inanifikia siku ya 12 au 13, mimi nikiwa kijiji kingine na pikipiki ya mkopo, na nikifika nakuta kilele kiko mlangoni.

Ile 0.6: ukuta wa Bibi

Hapa ndipo wanafunzi wengi huchukua namba kwenye makala ya nchi nyingine, wakaibandika, wakaendelea. Wakati mwingine huna njia. Lakini kabla ya kukopa, uliza kama kuna mtu aliyehesabu.

Mwaka mmoja wa kiangazi niliitwa kwenye kitongoji kilichopigwa na mdondo. Watu walikuwa wanatupa mizoga kwenye shimo moja nyuma ya tembe la bibi mmoja. Nilipobisha hodi kwa salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi", akanikaribisha, nikapiga shikamoo, akanipa kigoda. Nikamuuliza wamekufa wangapi. Badala ya kunijibu akanionyesha ukuta. Kwa kipande cha mkaa alikuwa amechora vijiti, kila siku na mstari wake: 1, 1, 2, 3, kisha pengo, halafu 5, 7, 10.

"Bibi, siku hii ya tano hakufa hata mmoja?"

"Siku hiyo nilikwenda mnadani, mwanangu. Sikuwapo."

Nakuomba usiipite hiyo sentensi haraka. Pengo la siku ya tano si sifuri. Ningeliandika sifuri, kompyuta ingeamini kwamba ugonjwa ulipumzika siku moja ukaanza upya. Kwenye jedwali, siku ambayo hakuna aliyehesabu iache tupu, na pembeni andika kwa nini iko tupu. Nikiletewa data yenye sifuri nyingi, swali langu la kwanza huwa ni nani alikuwa mnadani.

Sasa tunatafuta ugonjwa ulikuwa unakua kwa kasi gani. Andika siku kwenye safu moja: 1, 2, 3, 4, 6, 7, 8. Andika logi za vifo kwenye safu ya pili kwa fomula ya LN. Kisha tumia SLOPE kupata mteremko wa mstari unaopita katikati ya nukta hizo, na EXP kurudisha kwenye hesabu ya kawaida. Kwa namba za ukuta ule utapata karibu 1.41, yaani kila siku vifo viliongezeka kwa kama 40 kati ya 100. Logi tunaitumia kwa sababu kitu kinachozidishwa kila siku, ukikichukulia logi, kinakuwa mstari ulionyooka. Na mstari ulionyooka hata jicho linaweza kuukagua.

Utaniuliza: vifo huchelewa nyuma ya maambukizi, je, kasi haipotei? Haipotei. Mwanzoni mwa mlipuko, foleni ya vifo inafuata foleni ya maambukizi siku kadhaa nyuma, lakini kwa mwendo ule ule. Ndiyo maana tauni ya Bombay ilipimika kwa vifo. Na kuku walioliwa badala ya kutupwa shimoni? Kama kila siku nusu ya wanaokufa wanaishia chunguni, jumla yako itapotea nusu lakini kasi itabaki ile ile. Tatizo linakuja watu wanapoanza kuogopa na kuchinja zaidi kadiri siku zinavyokwenda. Hapo shimo linapokea sehemu ndogo zaidi kila siku, na ukuta utakudanganya kwamba ugonjwa unapoa. Ndiyo sababu nilitumia siku nane za mwanzo tu.

Ukishapata ongezeko la 0.4 kwa siku, mengine ni mepesi. Ongezeko ni kasi ya kuambukiza ukiondoa kasi ya kutoka, kwa hiyo 0.4 jumlisha 0.2 inakupa ile 0.6. Na kuku mmoja mgonjwa, kwenye kitongoji kisicho na kinga, anaambukiza wangapi hadi atoke? Ni 1 jumlisha ongezeko mara siku za kuambukiza: 1 + 0.4 × 5 = 3. Namba hii ndiyo wataalamu huiita R-sifuri.

Sasa iumize kidogo. Zile siku 5 nimezijuaje? Kwa kutazama kuku, na kutazama kuna makosa. Zikiwa 4, R-sifuri inakuwa 2.6. Zikiwa 6, ni 3.4. Vijiti vya Bibi navyo vya siku za kwanza ni vichache mno. Kijiti kimoja kikizidi au kupungua pale mwanzoni, mteremko unacheza. Kwa hiyo ukiniandikia kwenye ripoti kwamba R-sifuri ni 3.02, nitajua hujakaa na namba zako. Andika kati ya 2.6 na 3.4, ukieleza kwa nini.

Chanjo, na aibu yangu

Tukishajua kila mgonjwa anaambukiza watatu, swali la chanjo linajijibu. Wawili kati ya wale watatu wakiwa na kinga, mgonjwa anaambukiza mmoja tu, na ugonjwa hauongezeki tena. Kwa hiyo wenye kinga wanatakiwa wazidi theluthi mbili, kama 67 kati ya 100. Fomula ni 1 − 1/R, R ikiwa ile R-sifuri.

Lakini kuchanjwa na kuwa na kinga ni vitu viwili. Sisi tulikuwa tunatumia chanjo ya I-2, inayovumilia joto, tone moja kwenye jicho, kurudia kila baada ya miezi minne. Tone linadondoka shavuni, kuku anapepesa, mwingine tayari alikuwa na ugonjwa mwilini. Tuchukulie kwamba kati ya 100 waliochanjwa, 80 wanapata kinga. Basi gawanya theluthi mbili kwa 0.8, unapata kama 83 kati ya 100. Kwa R ya 2.6 ni 77, kwa 3.4 ni 88. Hiyo ndiyo namba ya kumpelekea mwenyekiti wa kitongoji, pamoja na upana wake.

Mwaka uliofuata ule wa ukuta, nilichanja kitongoji kile mwenyewe. Nikaandika kwenye ripoti: tumechanja kuku 96 kati ya kila 100. Nilijivuna. Kiangazi kilipofika mdondo ukarudi na kufyeka, na bosi wangu akaniuliza mbele za watu kama chanjo ile nilikuwa naitunza kwenye friji au kwenye mfuko wa suruali.

Nilirudi kwa Bibi nikiwa nimenyong'onyea. Akanisikiliza, akacheka, akaninyoshea mwarobaini ulio mbele ya tembe lake. "Mwanangu, wale wanaolala juu kule wewe uliwachanjaje?"

Nilikuwa nimehesabu 96 kati ya 100 ya kuku *tuliowakamata*. Kuku wa bandani na wa jikoni walikamatika alfajiri. Wa juu ya mti walikuwa wameshashuka na kutawanyika kabla hatujafika, na kwenye hesabu zangu hawakuwahi kuzaliwa. Makosa yote makubwa ya takwimu niliyoyaona tangu hapo yamefanana na lile: juu ya mstari wa kugawanya namba ni sahihi, chini ya mstari kuna mtu ameachwa mtini.

Hivi ndivyo tulivyopata idadi ya kweli msimu uliofuata, na njia hii inafaa kwa samaki, panya, popo, hata kwa watu wanaokwepa kuandikishwa. Kila kuku aliyechanjwa tulimfunga kitambaa chekundu mguuni, kilegevu kisimuumize. Tulichanja 212, tukiwakamata alfajiri bandani kama msimu uliopita. Jioni ya siku ya pili tukapita kitongoji kizima, tukimwaga pumba kidogo kila uwanja, bila kukamata kuku, kwa kuhesabu tu. Tuliwaona 130, na wenye kitambaa walikuwa 69.

Fikiri hivi: kama wenye kitambaa ni 69 kati ya 130 niliowaona, basi wale 212 ni sehemu kama hiyo hiyo ya kuku wote. 212 × 130 ÷ 69 inatoa 399. Kuna marekebisho ya Chapman yanayosaidia sampuli ikiwa ndogo: (213 × 131 ÷ 70) − 1, inatoa 398. Tukasema kama 400. Na 212 kati ya 400 ni 53 kati ya 100. Siyo 96.

Siri ya njia hii ni kwamba mara ya pili usitumie mtego ule ule wa mara ya kwanza. Ningewakamata tena alfajiri bandani, ningekutana na wale wale wa vitambaa, na hesabu ingenipa kitongoji kidogo cha uongo. Pumba za jioni ziliwashusha hata wakaidi.

Rudi kwenye jedwali lako ujionee maana ya 53. Wenye kinga ni 0.53 × 0.8, kama 42 kati ya 100. Weka B2 iwe 230, C2 iwe 2, D2 iwe 168, usiguse kitu kingine. Mlipuko unakwenda polepole, hauna kilele cha kutisha, lakini hauzimiki. Mpaka uishe, zaidi ya kuku 150 watakuwa wameugua. Chanjo yangu haikuwa imeoza. Haikutosha.

Kabla ya kumsifu mganga

Kuna jambo jedwali haliwezi kukuonyesha, nalo ni bahati. Kwenye jedwali, R ikiwa 3, kuku mmoja mgonjwa kila mara analeta mlipuko. Kijijini siyo hivyo. Kuku yule anaweza kufa usiku wa kwanza kabla hajamgusa mwenzake, au akachinjwa na mgeni akafurahi. Hesabu ya bahati inasema, kwa modeli kama hii yetu, uwezekano wa ugonjwa kuzimika wenyewe ukianza na mgonjwa mmoja ni 1 gawa kwa R. Kwa R ya 3, kijiji kimoja kati ya vitatu kitapona bila mtu kufanya lolote.

Sasa weka hapo mzee anayewanywesha kuku maji ya shubiri mwitu. Vijiji vitatu vimeingiziwa kuku mgonjwa, vyote vimenywesha shubiri, kimoja kimepona. Habari zitasafiri kutoka kipi? Simdharau mzee, na sijasema shubiri haina kazi. Nasema kijiji kimoja kilichopona hakithibitishi shubiri, na hakithibitishi chanjo yangu vilevile. Kama unataka kujua, gawa vijiji kwa kura, vingi, nusu shubiri, nusu maji matupu, kisha uhesabu.

Na ukipita mahali usione mgonjwa hata mmoja, usiandike "hakuna ugonjwa". Chukua 3, gawa kwa idadi uliyoikagua. Ulikagua kuku 60, wote wazima? 3 ÷ 60 ni 0.05: bado inawezekana 5 kati ya kila 100 wanaugua, ukabahatika kuwakosa. Kwa kitongoji cha kuku 400 hao ni 20. Kanuni hii ya kidole inakupa mpaka wa juu wenye uhakika wa asilimia 95, mradi kuku uliowakagua umewaokota bila upendeleo.

Kuku kumi wa nyumba moja

Hili nalisema kila wiki, kwa hiyo nitalisema kwa ufupi. Kijana mmoja wa shahada ya uzamili aliniletea sampuli za damu 300: nyumba 30, kuku 10 kila nyumba. Alikuwa amechambua kana kwamba ni kuku 300 wasiojuana. Lakini kuku wa nyumba moja wanakunywa chungu kimoja na walichanjwa, au kuachwa, siku moja. Ukishampima wa kwanza, wa kumi anakuambia habari uliyokwisha kuisikia.

Kuna hesabu ya kulipia hilo: 1 + (m − 1) × ρ, ambapo m ni idadi kwa kila nyumba, na ρ ni kiasi ambacho wa nyumba moja wanafanana. Kwa m ya 10 na ρ ya 0.3, ni 1 + 9 × 0.3, yaani 3.7. Gawa 300 kwa 3.7: ana kama kuku 81 wa kweli. Matokeo yake aliyoyaita ya uhakika mkubwa yakalegea. Alikasirika, akaondoka bila kunilipa, baada ya wiki akarudi. Wewe kama bado hujaenda uwandani, afadhali nyumba 100 kuku 3 kila moja. Miguu itauma zaidi, ila damu ni ile ile mia tatu.

Kuipeleka namba kwa wenye kuku

Modeli ikishakamilika, iandikie mistari mitano kwa mwenyekiti na uache grafu kwenye kiambatisho. Taja ulichodhani bila kuficha: kwamba kuku wote wanachangamana, kwamba kinga inashika kwa 80 kati ya 100, kwamba hakuna kuku wapya wanaoingia. Hilo la mwisho kwetu si kweli hata wiki moja. Vifaranga wanaanguliwa kila siku bila kinga, na wachuuzi wanapita na matenga kwenye bodaboda, wananunua huku, wanaacha ugonjwa kule. Ndiyo maana tone linarudiwa kila miezi minne.

Na kwa wenye kuku asilimia usizipeleke hivyo hivyo. Nilipokwenda kumwambia Bibi kuhusu 83 kati ya 100, aliniangalia kama mtu aliyezungumza Kireno. Nikakaa kwenye kigoda changu kile kile nikaigeuza: kila nyumba isiache kuku zaidi ya mmoja kati ya sita bila tone. Tena tutakuja usiku na tochi, maana gizani kuku haoni vizuri na anashushwa mtini kama embe.

Bibi akatazama mwarobaini wake, akahesabu kwa vidole.

"Mimi nina kumi na wawili. Kwa hiyo wawili wanaweza kubaki?"

"Wawili, Bibi."

"Basi yule jogoo mwekundu na yule koo wa kule juu kabisa waacheni. Wale hata mwewe amewashindwa."